Gari la zamani juu ya mawe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye Peugeot 404 nyuma ya nyumba, Land Rover chini ya mwembe shambani, au Volkswagen ya marehemu babu ambayo kila mtu anaizunguka na hakuna anayeigusa. Majibu yamezingatia zaidi hali ya Tanzania na Kenya. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi. Fuata namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Gari la zamani ni lipi, na mkweche ni upi?

Mkweche ni gari bovu la umri wowote; hata Vitz ya juzi yaweza kuwa mkweche. Hapa tunazungumzia magari yaliyotamba barabarani kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980: Land Rover za Series I, II na III, Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Morris Minor, Datsun 160J, malori ya Bedford. Ni magari ya kabureta, koili na waya za kuhesabika, ambayo fundi mwenye spana na utulivu anaweza kuyafungua na kuyarudisha bila kompyuta.

2. Kwa nini magari mengi yanayoanza kufufuliwa hayamalizwi?

Wengi watakuambia ni fedha. Fedha ni kweli, lakini kwa niliyoyaona gereji baada ya gereji, gari hufa siku linapofumuliwa lote kwa mkupuo. Mwenye gari ana hamu, fundi ana nafasi wiki hiyo. Injini inashushwa, milango inang'olewa, viti vinapelekwa kwa fundi wa viti, rejeta kwa mziba rejeta, hedi (kichwa cha injini) kwa mchonga vyuma. Ndani ya siku saba gari liko sehemu sita za mji. Kisha inakuja ada ya shule, au msiba, au fundi anapata kazi Mtwara. Miaka miwili baadaye hakuna anayejua boliti ipi ni ya wapi.

Gari zima lenye injini mbovu linaweza kusubiri miaka 20 likafufuka. Lililofumuliwa halisubiri. Kila mwezi linapungua: mmoja kaazima kabureta, watoto wamechukua vifuniko vya rimu, fundi wa viti amehama na viti vyako.

Sababu nyingine ni kuanza na rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayoonekana na majirani. Gari linang'aa, halafu inagundulika kwamba sakafu imeoza, na rangi mpya inakatwa kwa gesi. Mtu akishalipia rangi mara mbili, mara nyingi harudi tena gereji.

3. Linafikaje kwa wauza vyuma chakavu?

Mara chache mwenyewe hulipeleka. Kwanza linakaa gereji juu ya mawe, matairi yameshaondoka. Gereji zetu nyingi ziko kwenye viwanja vya kupanga. Barabara ikipanuliwa, au mwenye kiwanja akiuza, vyote vinatakiwa viondoke kwa siku chache. Magari yanayotembea yanaendeshwa. Yasiyotembea yanaitiwa mtu wa vyuma chakavu, naye anakuja na mzani.

Hapo ndipo panaponiuma. Peugeot 404 ina uzito wa kama tani moja, na tani hiyo inalipwa kwa kilo. Mzani hauulizi ni gari gani, limekwenda wapi, lilimbeba nani.

Yadini kazi ina mpangilio wake. Vinatoka kwanza vyenye bei: betri, kisha rejeta na waya kwa ajili ya shaba. Halafu alumini: pistoni, gamba la giaboksi, hedi kama ni ya alumini. Hiyo hununuliwa na mafundi wanaoyeyusha na kumimina sufuria. Mwisho bodi na chesisi hukatwa kwa gesi na kupakiwa kwenda viwanda vya nondo. Tangu gari kuingia getini mpaka kukatwa zinaweza kuwa siku chache tu, kwa hiyo ukiliona usipange kurudi mwisho wa mwezi (swali la 13).

4. Lakini si chuma tu? Kuna kinachopotea kweli?

Kinapotea, tena kingi. Daktari wa wilaya, bwana shamba, mpima ardhi na padri wa misheni walifika vijijini kwa Land Rover. Ukiikata, umekata ushahidi wa jinsi nchi hizi zilivyofikiwa kabla ya lami.

Halafu kuna Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo PV544 mwaka 1965, kisha kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 160J na ndugu yake Violet GT miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Watu walinunua magari ya aina hiyo kwa sababu waliyaona yakipita kwenye tope la kijijini kwao na kutokea upande wa pili.

Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yanatunza magari ya viongozi, Rolls-Royce ikiwemo. Morris Minor ya mwalimu wa shule ya msingi haitunzwi na yeyote isipokuwa familia yake. Wala haiji nyingine: Kenya hairuhusu kuingiza magari ya kawaida yaliyozidi umri wa miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu. Yaliyopo nchini ndiyo tuliyonayo.

## Gari lipo, limelala

5. Limelala miaka kumi. Naweza kuweka betri mpya nikapiga stata?

Usipige. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na silinda kwa kutu, stata itavunja kitu ambacho kingefunguka kwa subira. Toa plagi zote, mimina oili nyepesi kidogo katika kila tundu, acha siku tatu nne. Kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele. Ikigoma, ongeza oili usubiri tena. Usining'inie kwenye spana.

Ikishazunguka, mwaga oili ya zamani na petroli yote. Petroli iliyokaa miaka hugeuka utomvu unaoziba jeti za kabureta, na tangi lenyewe huwa na kutu ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo tarajia masta silinda iliyoliwa. Panya huwa wameguguna waya. Fuata kila waya kwa macho kabla ya kuunga betri.

Mipira ya petroli badilisha yote, hata inayoonekana mizima. Kwenye Volkswagen Beetle hili ni la kufa na kupona: mpira hupita karibu na injini, na gamba la injini ile ni la aloi ya magniziamu, ambayo ikishika moto maji hayaizimi.

6. Nitajuaje kama bado linafaa kufufuliwa?

Chukua bisibisi na sumaku, ulale chini ya gari. Bisibisi ikizama kwenye chuma, hapo pameoza. Sumaku isiponata kwenye bodi ya chuma, umekuta puti, ule udongo wa kujazia mashimo kabla ya rangi.

Peugeot 404 na 504 hazina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Angalia sakafu, vizingiti vya chini ya milango, na pale springi zinapofungwa. Beetle angalia sakafu chini ya kiti cha nyuma, ambako betri hukaa na asidi yake hudondoka. Land Rover inadanganya zaidi: bodi ya alumini inaonekana safi huku chesisi ya chuma imebaki ganda. Gonga mhimili wa nyuma kabisa kwa nyundo usikilize. Angalia pia pale alumini inapogusana na chuma, maana hapo alumini huliwa ikawa unga mweupe.

Gari lililokaa Dodoma au Nanyuki si sawa na lililokaa Tanga, Mombasa au Unguja. Chumvi ya bahari haina huruma.

Injini mbovu isikutishe. Injini hutengenezwa, au hupatikana nyingine. Kinachotesa ni kioo cha mbele kilichopinda, taa zenyewe, nembo na mipira ya milango.

7. Fundi anasema tulifumue lote ndiyo tutajua tatizo. Nikubali?

Hapana (sababu ziko swali la 2). Kamilisha mfumo mmoja kabla ya kugusa mwingine. Mimi huanza na breki, ili gari liweze kusukumwa na kusimama. Kisha injini, umeme, bodi, na rangi mwisho kabisa. Kila hatua ikiisha gari linabaki zima, na ukikwama hujapoteza kitu.

Piga picha kila kiungo kabla ya kukifungua. Boliti weka kwenye makopo yenye maandishi, na daftari liwepo. Mjomba wangu aliacha 404 huko Morogoro ikiwa imefunguliwa upande wote wa mbele. Baada ya arobaini tulifungua stoo tukakuta mabati ya biskuti yamepangwa, kila moja na karatasi yenye mwandiko wake: "Bampa ya mbele, kulia. Mbili zimepungua." Fundi ambaye hakuwahi kumwona mjomba aliifunga ile mbele kwa kusoma karatasi zile, na kweli boliti mbili zilikuwa zimepungua.

8. Fedha zimeisha katikati. Nilihifadhi vipi?

Kabla ya lolote, kusanya. Zunguka kwa mafundi wote urudishe kila kilichotoka, hata kama hakijatengenezwa, kiingie ndani ya gari lenyewe. Kisha liondoe gereji kama una mahali pengine popote penye paa. Linyanyue kwenye stendi za chuma, si matofali. Lifunike kwa turubai lenye nafasi ya hewa. Turubai lililobana hadi chini hutunza unyevu na kuozesha haraka kuliko mvua. Toa betri. Paka grisi sehemu zote za chuma zilizo wazi.

9. Nimekata tamaa. Ni aibu kuuza gari ambalo sijamaliza?

Si aibu hata kidogo, ndiyo heshima ya mwisho unayoweza kulifanyia. Liuze likiwa na kila kitu chake, kadi yake ya usajili na picha zako. Usijumlishe uliyotumia ukayaita bei. Mnunuzi hulipa gari analoliona. Na usisubiri bei nzuri mpaka kutu ikuamulie.

Mtu sahihi hupatikana palipo na wapenzi wa magari haya. Nairobi kuna Concours d'Elegance, mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, yanayoandaliwa tangu 1970. Ukienda pale na picha zako, utapata watu wanaojua unachouza.

10. Injini ya zamani haitaharibiwa na petroli ya leo isiyo na risasi?

Swali la haki, maana petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara ifikapo mwanzoni mwa 2006, na risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikijifunga. Injini zenye hedi ya chuma cha kumimina, kama za Land Rover za Series, zinaweza kulika polepole zikiendeshwa kwa kasi na mzigo. Hedi ikishafunguliwa kwa sababu nyingine, mwambie mchonga vyuma aweke viti vigumu vya valvu. Zaidi ya hapo usipoteze usingizi.

## Fundi na karatasi

11. Nimeliacha gereji miaka mitatu. Fundi anaweza kuliuza?

Sheria ya Mikataba ya Tanzania inampa fundi haki ya kulizuia gari mpaka alipwe kwa kazi aliyoifanya. Kulizuia si kulimiliki. Kenya ina sheria mahususi kuhusu mali isiyochukuliwa na mwenyewe, nayo inamtaka fundi atoe taarifa kwanza kabla ya kuuza.

Haya ni ya mahakamani. Kwa hali halisi, gari likishapimwa kwa kilo na kukatwa, hukumu hailirudishi. Mlipe fundi hata kidogo kidogo, mwandikiane, na upite gereji kila mwezi. Gari ambalo mwenyewe huonekana halikatwi. Tumwonee huruma fundi pia: gari lako limemkalia nafasi ambayo angeingizia wateja wawili.

12. Kadi imepotea, au ina jina la marehemu. Nianzie wapi?

Anza na karatasi kabla ya kununua hata plagi moja. Kadi ikipotea Tanzania, chukua taarifa ya upotevu polisi uende TRA, mamlaka ya mapato. Kenya ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ikiwa mwenye jina amefariki, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuhamisha umiliki. Mpwa aliyekabidhiwa funguo hana mamlaka hayo.

Gari lililouzwa mara tatu bila kuhamishwa jina ni kazi ngumu zaidi: mtafute wa kwanza angali hai. Wengi bado wanaogopa deni la leseni ya barabara ya kila mwaka. Tanzania ilifuta tozo hiyo mwaka 2017 na kuihamishia kwenye mafuta.

Kibati cha namba ya chesisi usikipake rangi, usikichomelee wala kukihamisha. Kipige picha leo.

## Yadini

13. Nimeona 404 kwenye yadi ya vyuma chakavu. Naweza kuinunua nzima?

Mara nyingi unaweza, ukiwahi. Mwenye yadi anataka kilo, hana chuki na gari. Mpe zaidi ya thamani ya chuma na atakuachia, lakini toa malipo ya awali palepale na uandike kwa rangi ubavuni kwamba limeuzwa. Uliza kama lilikuja na kadi. Nyingi hutupwa getini.

Dai risiti yenye jina la yadi na la aliyelileta. Kenya biashara hii inahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2022 ilisimamishwa nchi nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme. Usiwe mtu mwenye chuma kisicho na maelezo.

14. Ikiwa haliokoleki zima, nichukue nini kwanza?

Vioo. Watu hukimbilia injini, na kioo cha mbele kinavunjwa mbele yao. Baada ya vioo: taa na fremu zake, nembo, mishikio ya milango na vitasa, dashibodi yenye mita zake, usukani, kabureta, distributa. Kibati cha namba kiache. Kukitoa na kukiweka kwenye gari jingine ni kosa la jinai.

15. Ni sawa kulikata gari moja ili kuokoa jingine?

Ni sawa kama umeshalipima kwa haki (swali la 6) na limeshindikana. Ila jiulize kama lile unaloliokoa utalimaliza. Nimeona Beetle tatu zikiingia ua mmoja, mbili zikachinjwa kwa ajili ya ya tatu, na ya tatu ikaondoka kwa mzani pamoja na mabaki ya wenzake.

16. Spea zinapatikana?

Zaidi ya watu wanavyodhani. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, kwa hiyo spea mpya zipo. Za Land Rover hutengenezwa Uingereza mpaka leo, hata chesisi nzima iliyochovywa kwenye zinki. Peugeot 504 iliunganishwa Kenya mpaka miaka ya 2000, na pikapu zake bado zinabeba mizigo, ndiyo maana spea zake ziko mtaani. 404 ni ngumu kidogo. Morris Minor agiza Uingereza.

Mipira, bushi na gasketi nyingi huchongwa hapahapa. Nenda na kilichoharibika mkononi. Usielezee kwa simu.

## Hali za pembeni

17. Naambiwa gari langu lilikimbia Safari Rally. Nitahakikisha vipi?

Simulizi peke yake haitoshi, kwa sababu 404 zilikuwa nyingi na zilizoshindana ni chache. Tafuta alama mwilini: matundu ya taa za ziada mbele, mabaki ya bamba la kulinda injini, mahali palipoongezewa chuma kwenye nguzo za springi, tangi kubwa kuliko la kawaida. Kisha linganisha namba ya usajili na picha za magazeti ya wakati ule. Mpaka ujibiwe, usibadilishe chochote wala kupiga msasa. Rangi iliyo chini ya rangi yaweza kuwa ndiyo jibu.

18. Land Rover yangu inahitaji chesisi mpya. Itabaki kuwa gari lilelile?

Kwangu ndiyo, mradi bodi, injini na ekseli ni zake. Kisheria ni jambo jingine: namba ya chesisi ndiyo kitambulisho cha gari, kwa hiyo wasiliana na mamlaka ya usajili kabla ya kukata ya zamani, na kipande chenye namba kitunze.

19. Vipi kuweka injini ya Toyota?

Wenye msimamo mkali watakasirika. Mimi naona pikapu ya 504 yenye injini ya Toyota inayotembea imeokoka, na ile yenye injini yake asilia iliyo juu ya mawe iko hatarini. Fanya bila kukata bodi, ili atakayekuja aweze kurudisha. Injini ya asili itunze imepakwa oili, na namba ya injini irekebishwe kwenye kadi.

20. Limebaki ganda tu, na hakuna anayelitaka hata bure.

Ondoa vilivyotajwa swali la 14, na umpe mtu anayefufua gari la aina hiyo, usiviweke darini. Mwaga oili na mafuta ya breki kwenye chombo, si ardhini. Usiruhusu vumbi la pedi za breki za zamani lipulizwe, maana nyingi zilikuwa na asbesto. Rudisha kadi ili gari lifutwe kwenye usajili, namba yake isije ikavaliwa na gari la wizi. Halafu, kabla ya kumwita mtu wa mzani, lipige picha pande zote nne, na nyuma ya picha uandike lilikuwa la nani, na lilikuwa likienda wapi.